Barua Isiyo na Babu

Siku ya kwanza nilipoingia chumba cha rekodi, mwaka wa sabini na moja, Katibu wa Hospitali hakuniuliza kama najua kupiga taipu. Aliniuliza kama najua alfabeti. Nikamwambia naijua tangu darasa la kwanza. "Basi nisomee kutoka nyuma," akasema. Nikaanza Z, Y, X kwa mbwembwe zote, nikafika Q nikakwama, na makarani wawili waliokuwa pembeni wakainamisha vichwa ili nisione wanacheka. Katibu hakucheka. Aliniambia kwamba anayetafuta kadi kwenye droo huenda mbele na kurudi nyuma, na asiyejua njia ya kurudi ataichelewesha foleni. Jioni nilikwenda nyumbani nikikariri herufi kinyumenyume, na mama akadhani homa imenipanda kichwani.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoomba kazi kwa simu, mnabonyeza mara moja na barua ileile inaingia ofisi kumi. Sisemi ni vibaya. Mimi katika maisha yangu niliandika barua ya kuomba kazi moja tu, tuseme moja na nusu, na hiyo moja ilinilisha mpaka nikastaafu. Nitawaeleza ilivyoandikwa. Najivunia barua ile, na kwa umri nilio nao sioni sababu ya kujifanya sijivunii.

Naitwa Zamzam. Nilizaliwa Arua mjini, katika nyumba za Waislamu ambao babu zao walikuwa askari waliotoka Sudan. Baba naye alikuwa jeshini, alistaafu akiwa shawishi, cheo ambacho ninyi mnakiita sajenti, na mpaka mwisho wa maisha yake watu walimwita Shawishi. Nyumbani tulisema Kinubi, sokoni Kiswahili, kwa majirani Kilugbara, shuleni Kiingereza. Kikakwa nilikipata kwa mama, ambaye kwao ni Koboko. Hospitali yenyewe sitaitaja kwa jina lake, maana wengine niliofanya nao kazi bado wapo na wanapenda sana kubishana.

Kazi ya rekodi ilikuwa hivi. Kila mgonjwa wa nje, yaani anayetibiwa na kurudi kwake bila kulazwa, alifunguliwa kadi. Mbele kulikuwa na namba, jina na kijiji. Nyuma daktari aliandika ugonjwa na dawa aliyotoa. Mgonjwa akirudi, karani anaitafuta kadi kwa jina na kuipeleka kwa daktari. Ni kazi rahisi kwenye nchi ambayo mtu ana jina moja. Kwetu mwanamke angekuja mara ya kwanza akajiita Kiden, jina alilopewa na wazazi. Akiolewa na Mwislamu anarudi akiwa Hadija. Akija na mtoto mgongoni ni Mama Musa, na ukimwita kwa jina lingine hageuki. Mtu mmoja, kadi tatu, na daktari anamwandikia tena dawa iliyomvimbisha uso mara iliyopita.

Mambo hayo hayakunishangaza, maana hata kwetu nyumbani hakuna aliyekuwa na jina moja. Nikaanza kuuliza kwa njia ya kwetu: mama yako anakuitaje? Msikitini au kanisani wanakuitaje? Mtoto wako wa kwanza ni nani? Kisha kwa kila jina la ziada niliweka kadi ndogo iliyoandikwa neno "tazama" na namba ya kadi kubwa, basi. Wenzangu wakaziita kadi za Zamzam, kwanza kwa dhihaka, baadaye kwa kuzoea. Katibu alizipitia siku moja akaguna. Alikuwa mtu wa Pajulu, mrefu, mkavu wa maneno, na mguno wake tuliuhesabu kuwa ni sifa.

Nilifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa nikiwa kibarua. Kibarua hana faili. Anaweza kuambiwa leo kwamba kesho asije, na hana pa kulalamika. Halafu tukapewa habari kwamba vibarua wote wa ofisini wangeondolewa mwaka wa fedha wa serikali ukiisha. Wiki hiyohiyo likabandikwa tangazo ubaoni: kituo cha afya cha Koboko kinapanuliwa, anatakiwa karani wa rekodi, kazi ya kudumu, maombi yaandikwe kwa Daktari Mkuu wa Wilaya. Nililinakili tangazo hilo neno kwa neno. Ama niipate kazi ya Koboko, ama nirudi kwa mama nikauze maandazi, na mimi maandazi yangu hayajawahi kuumuka.

Lazima niwaeleze namna kazi zilivyopatikana siku zile za utawala wa jeshi. Kazi iliingia kwa kikaratasi. Mkubwa fulani wa jeshi aliandika mistari miwili, "mpe huyu nafasi", akatia sahihi, na aliyekuwa akingoja kwa foleni akaambiwa nafasi imejaa. Kwetu kikaratasi hakikuwa mbali. Mume wa shangazi yangu alikuwa kapteni, na Kapteni huyo alisikika kuanzia Arua mpaka mpakani.

"Kapteni iko," baba aliniambia nilipomweleza habari ya tangazo. "Yeye naandika mstari mbili tu, kazi naisha. Wewe nasumbuka nini?"

"Baba, nataka kuomba mwenyewe."

"Kwa nini unaomba kitu ya bure?"

Nilikuwa nimeshaona. Mtunza stoo wetu aliingia kwa kikaratasi cha mkubwa mmoja, akatolewa kwa kikaratasi cha mkubwa mwingine, na alipotoka hakuna aliyeweza kusema amedhulumiwa, kwa sababu hata kuingia kwake hakuna aliyeweza kukueleza. Mimi nilitaka kazi ambayo hakuna mtu angeweza kuninyang'anya kwa kalamu yake akiwa amekasirika. Nilimwambia baba hivyo. Akasema nimesoma sana, na namna alivyolisema haikuwa pongezi.

Basi nikaketi kuandika. Barua za ofisi tuliandika kwa Kiingereza; hapa nawapa kwa Kiswahili. Nilianza kwa salamu kwa Daktari na nyumba yake yote. Ikafuata kwamba mimi ni binti wa Shawishi fulani, aliyetumikia mahali fulani na fulani bila kosa. Kwamba babu yangu alikuja kutoka Sudan na bunduki begani na akapewa medali. Kwamba mjomba wangu ni msaidizi wa imamu. Kwamba katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa wizi. Mwisho nikasema naomba kazi. Niliisoma nikaiona barua nzuri sana. Kwetu mtu akisimama mbele za watu anataja kwanza ametoka kwa nani. Anayeanza kwa kujitaja mwenyewe, wanamwona hana adabu, au hana watu.

Utaratibu ulikuwa kwamba barua ya ombi ipitie kwa mkuu wako wa kazi, aandike chini yake kama anapendekeza. Katibu aliniita siku ya pili, barua ikiwa mezani.

"Zamzam, hii barua mimi nasoma mara mbili," akasema. "Iko na babu. Iko na baba. Iko na mjomba. Wewe iko wapi ndani?"

"Niko chini, Bwana Katibu. Nimetia sahihi."

"Babu yako akikuja hapa kuomba kazi, mimi nampa leo. Yeye iko wapi?"

"Alikufa, Bwana Katibu."

"Basi kule Koboko nani atapanga kadi?"

Akanirudishia. Hiyo ndiyo ile nusu barua niliyoitaja. Nilitoka nikaenda nyuma ya jengo la kufulia, mahali mashuka yanapoanikwa, nikalia kwa hasira. Nilimkasirikia Katibu kwa kuwacheka watu wangu, na nilijikasirikia mimi kwa sababu alisema kweli.

Metroni ndiye aliyenikuta pale. Alikuwa mwanamke wa Onduparaka, mkuu wa manesi wote, mwenye sauti ya kuvuka mto. Timu ya mpira ya kwao ikicheza, alimaliza mzunguko wa wodi mapema na hakuna daktari aliyethubutu kumwuliza. Aliisoma barua yangu akiwa amesimama, na mashuka yanampiga mgongoni.

"Hii iko shida gani?" akauliza.

"Katibu anataka nijiseme. Metroni, mimi siwezi kujisifu. Kwetu mwanamke anasifiwa na watu, siku ya harusi yake."

"Nani amekuambia jisifu? Wewe unasoma ripoti ya zamu ya manesi yangu?"

Nilikuwa nazisoma kila asubuhi, maana mimi ndiye niliyezipanga kwenye faili. Ripoti ya zamu ni ile ambayo nesi anayetoka anamwandikia anayeingia.

"Iko mahali nesi amesema yeye mzuri?"

"Hapana."

"Anasema nini? Anasema: nilikuta homa juu. Nilitoa dawa, nilipangusa mutu na maji. Sasa homa iko chini, mutu nalala. Basi. Daktari anasoma, anajua huyu nesi iko namna gani. Wewe andika kazi yako vile vile. Ulikuta nini, ulifanya nini, sasa iko namna gani. Kazi hapana aibu."

Nilisimama pale nikiwa na machozi usoni, na nikaiona barua nzima. Siwezi kuwaeleza furaha niliyoipata. Ilikuwa kama mtu amenipa ruhusa niliyokuwa naingoja bila kujua nani anayeitoa. Niliandika mchana huohuo kwenye taipureta ya ofisi, wenzangu wakiwa wamekwenda kula, na bado nazikumbuka sentensi zake.

"Nilipoingia chumba cha rekodi nilikuta mgonjwa mmoja ana kadi mbili au tatu, kwa sababu watu wetu wana majina mengi. Nilianza kuuliza majina yote na kuyaunganisha kwa kadi ndogo za kuelekeza. Sasa daktari akiomba kadi ya mgonjwa anayerudi, anaipata mgonjwa akiwa bado ameketi mbele yake. Nilikuta akina mama wa vijijini wanaogopa dirisha letu, kwa sababu waliulizwa kwa lugha wasiyoijua. Nilianza kuwauliza kwa Kilugbara, Kikakwa, Kinubi au Kiswahili. Sasa wanataja vijiji vyao bila hofu, na nesi wa chanjo anajua aelekee wapi. Naomba kazi ya Koboko kwa sababu naamini mambo hayo yapo Koboko pia, na najua pa kuanzia."

Ukurasa mmoja, na babu hakuwemo. Katibu aliisoma, akaguna, akaandika chini "Napendekeza". Kisha akaongeza neno "sana", na mtu wa Pajulu yule kuongeza neno si jambo dogo.

Niliitwa kwenye usaili ofisini kwa Daktari Mkuu wa Wilaya, palepale hospitali. Daktari huyu hakuwa mtu wa kwetu. Kiswahili alikipata kwa wagonjwa. Kulia kwake alikaa Katibu, na kushoto ofisa wa jeshi aliyevaa sare, maana siku zile hakuna kikao kilichokaa bila sare. Mezani niliona barua yangu. Kando yake niliona karatasi ndogo iliyokunjwa, yenye mwandiko niliokuwa naufahamu tangu utoto. Ulikuwa mwandiko wa Kapteni. Baba alikuwa amekwenda kwake bila kuniambia.

"Zamzam, hapa mimi niko na karatasi mbili juu yako," Daktari akasema. "Nikichukua hii ndogo, kazi yako, sisi tunaenda kula. Nikichukua hii kubwa, iko watu wengine nje, na mimi napima wote sawasawa. Unaweza kukosa."

Ofisa wa jeshi alikuwa ananitazama. Nilijua nikikataa kikaratasi mbele yake, habari itamfikia Kapteni kabla ya chakula cha jioni, na baba ataaibika kwa shemeji yake. Nilijua pia nikikikubali, kazi itakuwa ya Kapteni nami nitakuwa nimeazimwa.

"Daktari, pima hiyo niliyoandika mimi," nikasema. "Hiyo nyingine haijui kupanga kadi."

Katibu aliinamisha kichwa. Ofisa wa jeshi akacheka kwa sauti, kicheko kizuri tu cha mtu aliyefurahishwa, na hewa ikarudi chumbani. Daktari akaichukua ile karatasi ndogo akaitia mfukoni mwa koti lake. Kisha wakanihoji kwelikweli: mgonjwa asiyejua kijiji chake nitamwandikaje, aliyevuka kutoka Kongo namba yake itaanzia wapi, rejista ikilowa mvua nitafanya nini. Nilijibu yote. Niliyajibu kwa sababu nilikuwa nimeyafanya, na nilijisikia mwepesi mno. Jioni Katibu alitoka barazani, akanipa mkono na kuniambia nianze kufunga mizigo. Nilicheka njia nzima kutoka hospitali mpaka nyumbani, na waliokutana nami walinipisha.

Nyumbani hakuna aliyecheka nami isipokuwa mama. "Unakataa mkono ya mutu mkubwa," baba alisema. "Mimi sasa naangalia Kapteni na macho gani?" Asubuhi ya safari alikwenda msikitini mapema na hakurudi mpaka gari limeondoka. Iliniuma, sitawadanganya. Niliingia Koboko nikiwa na kazi ya kudumu na baba asiyesema nami.

Lakini kazi yenyewe niliifanya kwa raha. Nilikuta chumba kitupu chenye rafu mpya zinazonuka rangi, na nikakipanga nilivyotaka tangu droo ya kwanza. Akina mama waliokuja kutoka Dranya siku ya soko walinizoea haraka. Walifika dirishani wakinitajia majina yao yote kabla sijauliza, mengine wakiyatunga kunichekesha. Nilipanda cheo nikawa karani mkuu, na kituo chote, madereva, wapishi, hata waganga wasaidizi, wakaniita Karani, bila jina.

Mwaka wa sabini na nane Kapteni akaanguka. Alikosana na wakubwa wake, akahamishwa, na ghafla kikaratasi chake kilichokuwa dhahabu kikawa sumu. Akaletwa daktari mpya wa kusimamia kituo, mwenye amri ya kuondoa watu wa Kapteni wote. Alitupanga barazani, akapita kwa kila mmoja na swali lilelile: nani alikuleta hapa? Mtunza stoo wa pale kituoni akainama. Dereva akataja jina, kisha akalikana. Wakaambiwa warudishe funguo.

Akafika kwangu. "Wewe iko jamaa ya Kapteni. Koboko yote wanajua."

"Ni mume wa shangazi yangu, Daktari."

"Basi yeye alikuleta."

"Sikuletwa," nikasema. "Niliomba. Faili langu liko kwenye kabati lako."

Alikwenda akalichukua mwenyewe, akalisoma akiwa amesimama mlangoni, sote tukimtazama. Alikuwa anatafuta kikaratasi. Akapekua mbele, akapekua nyuma, akaigeuza ile barua yangu ya ukurasa mmoja kama kuna kitu kimebandikwa mgongoni. Hakukuwa na kitu. Ndipo akaisoma, polepole, nami nikaona anarudia sentensi. Aliponirudia, sauti yake ilikuwa nyingine. "Hii kadi za kuelekeza," akasema, "mimi nataka kuona." Nikamwonyesha droo zote. Nilimweleza kadi hizo asubuhi nzima, na nilimweleza kwa majivuno, nikisimama wima kuliko nilivyosimama siku yoyote ya maisha yangu.

Mwaka uliofuata vita vilifika na tulivuka mpaka kama wengine. Hiyo ni habari nyingine na sitaichanganya na hii. Niliporudi, faili langu lilikuwepo, nikaendelea, mpaka serikali iliponiambia nimezeeka, nikasaini na kwenda zangu.

Sasa vijana wananijia. "Bibi, wewe unajua wakubwa, tupigie simu." Siwapigii. Nawaketisha, nawaambia waandike walichokuta, walichofanya, na hali ilivyo sasa. Na kama hawajakuta wala kufanya chochote, waende kwanza wakajitolee mahali wakute kitu. Wengine wananuna. Wengine wanaandika, na wawili kati yao leo wana ofisi kubwa kuliko zangu zote.

Mmoja aliniuliza nilipata faida gani hasa kwa kukikataa kile kikaratasi, zaidi ya mshahara ambao ningeupata vilevile. Nikamweleza kuhusu siku moja ya kiangazi, muda mfupi baada ya watu wa Kapteni kuondolewa. Nilikuwa ndani napanga droo, na foleni ya dirishani ilikuwa ndefu. Nikasikia kikohozi ninachokijua. Baba alikuwa ametoka Arua juu ya lori la tumbaku, akasimama kwenye foleni na watu wote, yeye ambaye sikuwahi kumwona akipanga foleni popote.

"Jina?" karani wa dirishani akamwuliza.

"Baba ya Zamzam."

"Mzee, nataka jina yako wewe."

"Nimekuambia. Andika: baba ya Zamzam, karani mkubwa ya hapa. Kama watu hapana jua mimi, yeye wanajua."

Niliiacha droo wazi nikatoka, nikampigia magoti kumsalimia, nikaichukua ile kadi mkononi mwa mwenzangu nimwandikie mwenyewe. Iliniwia vigumu kuandika, kwa sababu nilikuwa nalia.